Mgonjwa wa Sitini na Moja

Asubuhi ile kompyuta mbili, zikisoma faili lile lile, zilitofautiana kwa mtu mmoja.

Yangu ilisema wagonjwa sitini. Ya shemeji ilisema sitini na moja.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, na ndiye aliyekuwa mkuu wa takwimu kwenye majaribio ya dawa mpya ya presha. Mimi niliitwa na mkurugenzi kukagua hesabu zake kabla ripoti haijatoka mchana. Ikitoka, dawa inaanza kugawiwa kliniki zote.

"Umetumwa kunichimba," alisema bila kunisalimia.

"Nimetumwa kuhesabu."

"Basi hesabu, mkaguzi. Au hata kuhesabu watu kunakushinda?"

Wenzake wakacheka. Nikafungua faili.

Kila mstari wa faili ulikuwa ziara moja ya mgonjwa. Aliyekuja mara tano alikuwa na mistari mitano. Kwa hiyo programu huulizwa kitu kimoja: namba za wagonjwa ni ngapi, kila moja ikihesabiwa mara moja tu? Amri yangu iliruka nafasi tupu. Yake ilihesabu nafasi tupu kama namba mojawapo.

Yaani mgonjwa wake wa sitini na moja hakuwa na namba.

"Mistari michafu tu hiyo," alisema. "Anayeacha dawa tunamfutia namba. Ndiyo utaratibu wetu. Futa, tuendelee."

"Wanaacha kwa nini?"

"Uvivu. Umekuwa daktari siku hizi?"

Nikaichuja mistari isiyo na namba. Tarehe za kuzaliwa hawakuzifuta. Nikaiambia programu ihesabu zilizo tofauti ni ngapi.

Tisa.

Watu wasiopungua tisa walikuwa wamebanwa ndani ya nafasi moja tupu. Kwenye kolamu ya maelezo nesi alikuwa ameandika, karibu kila mstari: miguu imevimba, figo zipimwe.

Kisha nikaona tarehe ninayoijua. Kila mwaka, siku hiyo, mimi humkumbusha mke wangu ampigie mama yake kumtakia heri ya kuzaliwa.

Tarehe moja si ushahidi. Nikauliza.

"Shemeji, mama bado anameza hii dawa?"

"Mwache mama yangu nje ya chuki zako! Anameza kila siku. Mimi mwenyewe nilimwandikisha."

"Mpigie."

"Nani wewe wa kunipangia?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafika mlangoni. "Mpigie," alisema. "Na uweke spika."

Simu ikapokelewa.

"Mama, dawa unameza?"

"Niliacha zamani, baba. Si nilikuambia miguu imejaa? Ukasema nisikutie aibu kazini kwako."

Safari hii hakucheka mtu.

Mkurugenzi akasema ripoti iliyofuta waliodhurika haitoki, akaondoka. Shemeji alikata simu, akanigeukia.

"Umefurahi sasa?"

"Mpeleke akapimwe figo. Leo."

Alimpeleka. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, ila daktari alisema amewahi. Wale wengine waliofutwa wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba, kwa tarehe zao za kuzaliwa.

Mama mkwe anaendelea na matibabu. Mwanawe hanisalimii mpaka leo, na mimi simtafuti.

Wewe unayefanya kazi hii: programu itakuuliza kama nafasi tupu ihesabiwe au irukwe. Kabla hujaijibu, mtafute kwanza aliyefutwa pale.