Siku Niliyonyamaza Juu ya Dungu

Ndugu zangu, nitasema polepole. Neno likikawia kutoka, msinimalizie. Nikimaliziwa hukasirika, na nikikasirika linarudi ndani kabisa.

Kwetu ni Golbanti, kando ya mto. Nilikuwa mkulima wa mpunga, na mdomo wangu kila mtu aliujua. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka makundi kwa makundi. Basi kila mwenye shamba hukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akirusha udongo kwa kombeo na kupiga ukelele; ndiko kuamia ndege. Kila mtu ana ukelele wake. Wangu ulikuwa "Haaya-wee!" Hata usiponiona, ukiusikia unajua niko.

Mume wangu, Baba Rehema, alikuwa na shamba lake ng'ambo ya mfereji. Asubuhi ile tuligombana. Dawa zangu za presha zilikuwa zimeisha siku nne nzima. Akasema, "Mama Rehema, leo nenda Garsen ukachukue dawa. Mimi nitaamia ndege mashamba yote mawili."

Nikamjibu, "Ndege hawangoji kliniki."

Akaniita mkaidi. Nikamwambia asinisemeshe tena siku hiyo. Ndivyo tulivyoachana.

Saa nne hivi, kombeo liliniponyoka. Nikataka kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Mguu nao ukawa mzito. Nikafungua mdomo nimwite, yakatoka mate tu. Nikaanguka ubavu juu ya ile miti, nikajikojolea, na ndege wakashuka. Niliwasikia wakila. Nilimsikia na mume wangu ng'ambo ya pili akipiga ukelele wake, tena na tena. Wangu haukutoka.

Naye alisikia nimenyamaza. Akadhani nimenuna. Alikuja alasiri, na kabla hajaniona vizuri akasema, "Umenuna mpaka unawalisha ndege?" Kisha akaona mdomo wangu umekwenda upande.

Walinivusha mto kwa mtumbwi, halafu nikapakiwa kwenye gari hadi hospitali. Daktari akasema ni kiharusi. Akauliza, "Kilianza saa ngapi?"

Mume wangu akatazama chini. "Alinyamaza saa nne," akasema. Wakati huo jua lilikuwa linazama.

Daktari aliandika tu, hakumlaumu. Lakini niliuona uso wa mume wangu. Nilikuwa na maneno matatu ya kumwambia: kosa lilikuwa langu. Kichwani yalikuwa kamili. Mdomoni yalitoka "ta, ta, ta."

Niliporudi nyumbani, binti mmoja wa mazoezi ya viungo alikuwa akija kunitazama. Akaniambia, "Mama, sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Lakini za jirani yake zinaweza kujifunza kazi yake, ukizifundisha kila siku. Usipozifundisha, zinalala." Nilimwelewa, maana nilipokuwa hospitali majirani ndio walioamia ndege shambani kwangu.

Mume wangu alinifunga mkono mzima kwa leso, kama alivyoelekezwa, ili ule mgonjwa ufanye kazi. Nilichambua choroko punje moja moja, nikilia juu ya sinia. Yeye ndiye aliyeniosha, hata choo alinishika. Na kila akinisugua mguu alisema, "Ningekuja mapema." Kila siku. Nami sikuweza kumnyamazisha.

Kilichorudi kwanza hakikuwa neno. Kuku waliuvamia mpunga ulioanikwa uani, nami bila kufikiri nikapiga, "Haaya-wee!" Ukatoka mzima. Mume wangu akakimbia kutoka jikoni, akaketi chini akalia.

Yule binti akafurahi. Akasema ukelele na nyimbo huweza kupita njia nyingine kichwani, tuzitumie kuvuta maneno. Tukaanza kuimba: maji, uji, Rehema. Yale maneno yangu matatu nilijifundisha peke yangu, mume wangu alipokuwa shambani. Nilitaka nimwambie siku yatakapotoka yote.

Mvua zilipokuja, alishikwa na homa. Siku ya tatu alikuwa hawezi kuinua kichwa. Nikaketi kando yake, nikamshika mkono, nikajikaza. "Kosa," nikasema. La pili likakwama.

Akafungua macho. "Ndiyo, Mama Rehema," akasema. "Kosa langu. Nisamehe."

Nikatikisa kichwa, lakini alikuwa ameshafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Leo natembea kwa fimbo, na mkono huu unashika kijiko. Namshukuru Mungu, na majirani, na yule binti. Yale maneno nayasema yote matatu sasa. Nilikwenda kuyasema kaburini, na huwa narudi kuyasema.

Ninyi wenye presha, mezeni dawa, ndege waacheni wale mpaka washibe. Wenye kiharusi, fanyeni mazoezi hata mkilia. Na mtu wako akinyamaza ghafla, hata kama mligombana asubuhi, nenda kamwangalie. Na mgonjwa akianza neno, mngoje alimalize mwenyewe.