Jeti Waliyoichagua Wakila Mukeke

Sina tabia ya kudharau watu, lakini wale mabwana watano waliokuja Rumonge kupanga ununuzi wa ndege nawadharau mpaka leo, na sioni haya kusema.

Nilikuwa sekretari wa kampuni ndogo ya ndege mjini Bujumbura. Tulikuwa na ndege tatu za pangaboi, zote kuukuu, zilizobeba abiria na mizigo kwenda kwenye viwanja vifupi vya ng'ambo ya ziwa. Kusema kweli, zilizoruka ni mbili. Ya tatu ilikaa nyuma ya hanga, banda la ndege, ikinyofolewa kipande leo, kipande kesho, ili nyingine zipate vipuri.

Direkta wetu, mkubwa wa wale watano, alipoona wakati umefika wa kuzibadilisha, hakuitisha mkutano ofisini. Alichagua hoteli ya ufukweni Rumonge, siku tatu, eti mtu hawezi kufikiri penye kelele. Mimi ni mzaliwa wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, baba yangu alikuwa fundi cherehani pale. Nilijua wanafuata mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa letu. Siku ya kwanza walifika karibu na adhuhuri, wakala mpaka saa tisa, wakafungua mkutano kwa nusu saa, halafu wakaenda kuogelea. Niliandika kwenye rapo, taarifa ya mkutano, kwamba kikao kilikuwa na mafanikio, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa niandike.

Mekanisyen mkuu wetu, fundi wa ndege, mzee wa Gitaza, aliitwa dakika ya mwisho. Yeye alikuja kwa basi. Alileta sanduku lililojaa madaftari ya ndege, yale ambayo kila saa ya kuruka na kila kifaa kilichobadilishwa huandikwa humo. Anayetaka kujua lini ndege itakuwa mzigo kuliko faida, humo ndimo anamotazama. Muda wote aliokuwa pale hakuna aliyemwambia alifungue.

Siku ya pili alisimama shemeji yake direkta, ambaye walimwita mtaalamu wa fedha. Alieleza kwamba ndege hupatikana kwa njia tatu: unakopa benki ukanunua, au unakodi kwa miaka kadhaa kwa mwenye nayo, au unamuuzia ndege yako mwenye fedha, kisha unaikodi kwake huku ukiendelea kuirusha. Haya ni ya kweli, nimeyasoma baadaye. Lakini yeye aliyasema kama anayesoma orodha ya vyakula, na wenzake wakachagua hivyo hivyo.

"Tukodi jeti," direkta akasema. "Kampuni yenye jeti inaheshimiwa."

Mzee akainua mkono. "Shef, naomba kusema. Jeti iko muzuri, lakini kule tunakoenda haitashuka. Viwanja iko vifupi."

Kisha akaendelea. "Hizi zetu mbili tulizinunua pamoja, zinazeeka pamoja. Mwaka ujao zote zinaingia ukaguzi mukubwa, ule wa kufungua ndege yote. Tukodi moja ya aina ileile sasa, ichukue nafasi ya moja. Marubani wanaijua, vipuri tunavyo. Hii nyingine tuifanyie ukaguzi, tuibadilishe baada ya miaka mitatu. Tusibadilishe zote mara moja."

Huo ndio ulikuwa mpango pekee niliousikia Rumonge. Direkta alikuwa anachambua miiba ya samaki, maana walikuwa wakila hata kwenye kikao.

"Mzee," akasema bila kumtazama, "wewe iko fundi. Kaza bolti, sisi tutakaza mambo ya fedha."

Wakacheka wote watano. Chakula cha mchana mzee alikula na madereva.

Jioni direkta aliniita. "Yale maneno ya mzee usiyaweke mu rapo. Yanaivuruga."

Nikayatoa. Sikubishana hata kidogo. Kesho yake asubuhi, kabla hawajaamka, mzee alinikuta kwenye veranda. "Mama, nisomee pale niliposema."

Nilifunuafunua karatasi, ingawa nilijua hakuna kitu. "Haiko, baba."

"Sawa," akasema. Akabeba sanduku lake akaenda kusubiri basi.

Jeti ilikuja. Mwenye nayo alitaka amana kwanza, kisha malipo ya kila mwezi, iruke isiruke, na juu yake akiba ya matengenezo ya injini kwa kila saa ya kuruka. Kupata amana waliuza zile ndege mbili, yaani waliuza mguu wanunue kiatu. Siku ya mapokezi walipiga picha ngazini, mmoja mmoja, kisha wote pamoja. Wateja wetu, wafanyabiashara wa vitenge na samaki, waliuliza inashuka wapi. Walipoambiwa haishuki kwao, wakahamia kwa wengine. Jeti ikabaki kuruka miji mikubwa, ambako kampuni kubwa zilikuwa zimeshachukua abiria wote.

Mwaka haukuisha. Malipo yalipokwama, asubuhi moja marubani wawili wageni waliotumwa na mwenye jeti walikuja na karatasi zao, wakaikagua ndege wakaondoka nayo. Sisi wafanyakazi tulisimama kwenye uzio. Direkta hakuwepo, alikuwa semina. Nasikia sasa analipwa kuwashauri wengine namna ya kubadilisha ndege zao.

Kampuni ikafungwa, nikarudi Rumonge. Njiani nilishuka Gitaza kumtafuta mzee. Mkewe alikuwa anageuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani. Akaniambia, "Amahoro, mama, karibu," akamwita. Mzee alikuwa amepata kazi ng'ambo, kwenye kampuni yenye ndege kama zile zetu, na angevuka wiki ile.

"Baba, nilikuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyeyafuta maneno yako."

Akafikiri kidogo. "Ungeyaacha, wangeyasoma?"

"Hapana."

"Basi."

Alitaka kunipunguzia mzigo, nilimwona. Lakini nilipokuwa nawacheka moyoni wale watano na vidole vyao vya mafuta, nilikuwa nimeketi meza moja nao, na kalamu ilikuwa mikononi mwangu. Wao hawakujua walichokuwa wakikikataa. Mimi nilikuwa nimekielewa, neno kwa neno.

Mkewe alinifungia ndagala kwenye karatasi. Nikamshukuru, murakoze, nikapanda gari la kwanza lililopita.