Prosesa Aliyoitaka Dada Rehema

Juzi, katika duka moja la kompyuta Kariakoo, nilimsikia baba mmoja akimuuliza binti yake, "Wewe unaitaka ipi?" Nikamkumbuka dada yangu Rehema.

Mchana mmoja, miaka mingi iliyopita, baba yetu alitupeleka Kariakoo kumnunulia Rehema kompyuta ya kuchorea ramani za nyumba, maana alitaka kuwa msanifu majengo. Duka lilinuka moshi wa waya zilizokuwa zikichomelewa, na feni ilikoroma juu yetu. Kompyuta ingeundwa palepale, basi muuzaji aliweka mezani prosesa mbili za bei moja, yaani ule ubongo wa kompyuta. Moja ilikuwa na jina ambalo kila mtu alilijua. Nyingine hatukuwahi kuisikia.

"Baba, hii isiyojulikana ina kasi zaidi," Rehema alisema taratibu. "Programu ya kuchora inataka kasi."

"Ni kweli, mzee," muuzaji akaongeza.

"Mwanangu simnunulii kitu kisicho na jina," baba akajibu.

Rehema akajifuta macho. Nilidhani ni ule moshi, tena nikamwonea wivu kwa kununuliwa kitu kizuri vile.

Nyumbani, kompyuta iliganda kila alipoanza kuchora paa. Mwishowe akaacha kuchora, akaenda kuchapa barua za watu kwenye steshenari ya mtaa wa Gerezani. Leo najua alichokuwa akililia, ila hatujawahi kulizungumza.

Mpaka anafariki, baba aliwaambia wageni kwamba alimnunulia binti yake kompyuta bora kuliko zote Kariakoo. Rehema aliendelea kuwamiminia chai, akisema, "Kweli, baba."