Siku Ambazo Dada Hakuona

Nilikuwa nimetoka kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, na nia yangu ilikuwa kupita tu kwa dada yangu kijijini Nyabiyonza, nile ndizi, nilale, kisha niendelee na safari zangu. Nilimkuta mimba imekua, miguu imevimba kama ya kuazima, kichwa kinamuuma, na mbele ya macho anaona vitu vinametameta. Nikamuuliza vina rangi gani. Akasema nimletee maji, maswali nikaulize kwingine.

Siku ya uchungu alianguka, mwili mzima ukamtetemeka, akajiuma ulimi. Majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, na huko akatetemeka tena kabla mtoto hajatoka. Mtoto, wa kiume, alilia vizuri. Dada alilala usingizi mzito, na alipozinduka kesho yake akaniuliza kwa nini tumekaa gizani. Jua lilikuwa limejaa dirishani.

Nesi alimmulika kwa kurunzi. Mboni zilinywea kama za mtu yeyote, lakini dada akasema haoni kurunzi wala aliyeishika.

"Macho ni mazima," nesi akasema. "Damu yake ilisukumwa kwa nguvu mno, ubongo ukavimba. Uvimbe umegusa sehemu inayoonea. Ukiisha, ataona."

Nilimuuliza ubongo unaonaje na umefungiwa ndani ya fuvu. Akasema hilo nimuulize Mungu, yeye ana wagonjwa.

Kilichomtisha dada si giza, ni mama mkwe wake. Mama yule alikuwa ametamka mbele ya wabeba machela kwamba kifafa ni cha ukoo, na ukoo huo si wa kwao. Siku zile mwenye kifafa alitengewa sahani yake, na mke aliyeletwa nacho aliweza kurudishwa kwa wazazi wake, mtoto akabaki. Nesi alikwisha kueleza kwamba hiki ni kifafa cha mimba, nacho huondoka na mimba. Lakini dada alijua kwamba upofu ukijulikana, maneno ya nesi hayatasaidia kitu.

"Asijue," akaniambia.

"Atajua ukianza kuiamkia nguzo ya kitanda."

"Basi wewe ukae hapa ukohoe. Akiwa upande wa dirisha, kohoa. Akiwa upande wa mlango, safisha koo."

Wanaume hawakuruhusiwa kukaa wodini. Mimi nilivumiliwa kwa sababu nilifagia na kuteka maji, na nadhani kwa sababu nesi alichoka kunifukuza.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake, mume wa dada akabaki nje. Nikasafisha koo.

"Shikamoo mama," dada akasema, uso umeelekea mlangoni sawasawa.

"Marahaba. Hali yako?"

"Nzuri. Umependeza leo, mama."

"Nimevaa matambara," alijibu mama mkwe, lakini nikaona amefurahi.

Mtoto hakuwepo. Nesi alikuwa amempeleka kumpima uzito. Kitandani kando ya dada palikuwa na ndizi nilizopika, nimezifunga kwa jani la mgomba na kuzifunika kanga zisipoe. Dada, aliyekuwa amesinzia mtoto alipochukuliwa, alikipapasa kile kitita polepole kwa mapenzi. Nikakohoa. Akageukia dirishani. Hatukuwa na kikohozi cha kusema kwamba hiki ni chakula.

Mama mkwe aliinama, pua ikakaribia kanga, akaweka kiganja juu yake.

"Ana joto zuri," akasema. "Na amefanana na marehemu mzee."

"Hasa kwenye paji la uso," dada akaitikia.

Niliuma midomo nikatoka nje. Mume wa dada aliponiuliza nina nini, nikamwambia kifua.

Nilipomsimulia dada baadaye, alicheka mpaka nesi akaja kumkemea asije akapandisha damu tena, na alipokwisha kucheka akalia. "Kwa hiyo na yeye haoni," akasema. "Ila mimi wanaweza kunirudisha kwetu. Yeye nani atamrudisha?"

Macho yake yalirudi kwa vipande. Kwanza mraba wa dirisha, halafu wekundu wa blanketi la jirani, nyuso za watu zikachelewa kuliko vitu vyote. Asubuhi moja akaniambia ndevu zangu ni aibu kwa ukoo. Nikajua amepona.

Mama mkwe alirudi na mwanawe kutoa uamuzi wa nyumbani, kama dada abaki mke au arudishwe. Tulikuwa tumeketi barazani pa hospitali. Alikuwa amesikia maneno kutoka kwa mfagiaji mwingine.

"Wanasema huoni," alimwambia dada. "Mtoto yuko wapi?"

"Mikononi mwa kaka yangu, mama."

Mama mkwe akageuza uso kumtafuta, akautazama mti uliokuwa uani. Dada aliliona hilo. Alinyanyuka, akanipokonya mtoto, akamweka mapajani mwa mama mkwe, kisha akauchukua mkono wake na kuupitisha juu ya nywele, masikio na mdomo wa mtoto.

Mama mkwe akanong'ona, "Tangu lini unajua?"

"Si zamani."

"Mwanangu asijue."

"Atajulia wapi?"

Mume wa dada alikuwa akihangaika na kamba ya kiatu. "Mnasemaje?" akauliza.

"Tunasema twende nyumbani," mama yake akajibu. "Wote. Mtoto anahitaji mtu wa kumtazama."

Tulipumzika mara nyingi njiani, kwa ajili ya dada. Mama mkwe aliniachia fimbo yake, akashika bega la mkwewe, na kila penye shimo au mzizi dada alimnong'oneza. Mumewe, aliyetangulia na mzigo, aligeuka akaniuliza wanawake hawa wamepatana lini. Nikakohoa.