Macho ya Baba

Nyumbani kwetu Nambambo, kila msimu wa korosho, baba alimwachia mdogo wangu wa kike kazi ya kutenga daraja la kwanza na la pili. "Huyu kachukua macho yangu," aliwaambia wageni. Mimi, mkubwa, nilibebeshwa magunia, roho ikiniuma.

Sasa baba haoni. Mwaka huu mdogo wangu naye kaanza kujikwaa. Nilimpeleka mjini Nachingwea, daktari akasema ni presha ya macho, inatuandama sana sisi watu weusi, na mtoto huweza kuirithi kwa mzazi. Akanipima na mimi. Yangu mazima.

Kesho yake niliporudi kutoka shambani nikawakuta mkekani, baba anamfundisha kutenga korosho kwa vidole, wanacheka. Hata upofu kamgawia yeye!