Kaimati Zilizochorwa kwa Miale

Mume wangu alirudi kutoka Mesquite, hapa Texas, Jumamosi moja ya mwaka 2017 amekumbatia kompyuta kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe. Alikuwa ametoka zamu yake kwenye ghala la mizigo, na njiani akapita nyumba moja ambako mzee alikuwa anauza vitu vyake nje ya gereji. Kati ya mashine ya kukatia majani na viti vya plastiki akaiona: kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, kibodi na mashine vyote kitu kimoja, rangi yake ya zamani imegeuka kuwa ya chai ya maziwa.

"Ndiyo yenyewe hii," akaniambia mlangoni kabla hata ya salamu.

"Yenyewe ipi?"

"Ya kwenye gazeti."

Habari ya gazeti niliijua. Alinisimulia zamani, Tanga, tulipokuwa wachumba, na wakati ule nilidhani ananipima akili. Akiwa sekondari alikuta kwenye maktaba ya shule gazeti la kigeni lililochakaa, na ndani yake picha ya mpira wa kioo ukielea juu ya sakafu ya miraba. Maandishi ya chini yalisema picha ile haikupigwa kwa kamera wala kuchorwa kwa mkono. Kompyuta ya aina hii, nyumbani kwa mtu, ndiyo iliyoipigia hesabu. Yeye alikuwa hajawahi hata kugusa kompyuta. Akawa anaenda maktaba kuitazama tu, mpaka ukurasa ukalegea. Sasa alikuwa na upara na nywele za mvi kidevuni, tunaishi Lewisville kwenye nyumba ya kupanga ya ghorofa ya pili, na mashine ile ile imelala kwenye meza yetu ya kulia chakula.

Nikamuuliza inavyofanya kazi. Akachukua tochi na bilauri ya maji. Akaniambia kompyuta inaichukua picha nukta moja baada ya nyingine. Kwa kila nukta inatoa mwale kutoka kwenye jicho lako na kuufuata: umegonga nini? Kama ni kioo, unapinda. Kama ni kitu kinachong'aa, unadunda kwenda kwingine. Inaufuata hivyo hivyo mpaka ijue kama nuru ya taa inafika pale au pana kivuli.

"Kwa kila nukta ya picha?"

"Kila nukta."

"Basi hiyo kompyuta ina subira kuliko mimi."

Kuipata programu ya kupiga hesabu hizo kulimchukua majuma. Ilikuwepo kwenye mtandao, bure, imewekwa na watu wanaopenda mashine hizo, lakini kompyuta za leo hazina pa kuingizia diski za kale. Ikabidi atafute waya wa kuunganisha laptopu yangu na ile mashine, azifundishe zizungumze, kisha aivushe programu polepole kama anayevusha maji kwa kijiko. Diski alizopewa na yule mzee nyingi zilikuwa zimeoza. Kila moja ilipokataa, ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Binti yetu, aliyekuwa chuoni na aliyetujibu Kiingereza hata tukimsalimia kwa Kiswahili, alisema simu ya baba yake ingemaliza picha ile kabla baba hajamaliza kupiga chafya. Baba yake akamjibu kwamba hakuiota simu miaka yote hiyo.

Picha ya kwanza ilikuwa mpira na sakafu ya miraba, kama ya gazetini. Huchori kwa mkono. Unaandika faili la maneno na namba: mpira uko hapa, ukubwa wake huu, rangi yake hii, jicho liko pale, taa iko kule. Akaiwasha asubuhi tukaenda kazini, yeye ghalani, mimi kwenye kliniki ya figo ambako ni muuguzi. Siku nzima nilikuwa nafikiria meza yetu. Jioni tuliingia pamoja tukakuta picha kwenye kioo cha kompyuta imekamilika: nyeusi tititi, juu hadi chini.

Nikaona uso wake unavyoporomoka. Nikamuuliza, kwa kutaka tu kusema neno, "Taa uliiweka wapi?"

Akavaa miwani, akasoma namba zake kwa kidole. Akazisoma tena. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini kwenye zulia kabisa. "Ndani ya mpira," akasema. "Nimeifungia taa ndani ya mpira!"

Nadhani ni kicheko kile kilichoniingiza mimi kwenye mchezo. Alipoihamisha taa na picha ikatoka kweli, mpira unameremeta na miraba imepinda ndani yake, alisimama mbele yake mikono nyuma, kama mwanafunzi. Mimi nikaona kitu kingine. Nikaona mviringo, mng'ao, na rangi, nikasema, "Hii ukiipaka hudhurungi inakuwa kaimati."

Akageuka. "Sema tena?"

Kaimati iliyotoka kwenye shira ni mpira unaong'aa. Programu ile ilijua kuchora mipira kuliko kitu kingine chochote. Siku yangu ya mapumziko nikakoroga unga, nikauacha uumuke, nikakaanga, nikachovya kwenye shira yenye hiliki, nikazipanga mezani kama mlima. Kisha nikatafuta rula. Kila moja nilipima iko wapi: kulia kiasi gani, mbele kiasi gani, juu kiasi gani. Mume wangu anaandika, mimi naita namba, na rula inazidi kunata. Sahani ilitushinda kuichora, tukaiacha. Ile sakafu ya miraba tukaipaka bluu na nyeupe ikawa kitambaa cha meza.

Mlima mzima wa kaimati, kila moja ikiakisi wenzake, ulikuwa mzigo mkubwa kwa mashine ile. Mpira mmoja ulitaka siku moja. Huu ulitambaa mstari kwa mstari kutoka juu, siku baada ya siku, na tulikuwa tunakula tukiuangalia kama watu wengine wanavyoangalia mpira wa miguu. Tulikuwa tumefika karibu katikati pale mvua ya masika ya Texas ilipokuja na king'ora cha kimbunga. Watu tunakimbilia bafuni, ndiko hakuna dirisha, na yeye amesimama sebuleni anaitazama mashine.

"Bwana, njoo!"

"Niibebe?"

"Ukiing'oa kwenye umeme si itazima?"

Akaiacha. Akaja. Tuliketi ndani ya beseni la kuogea, magoti yamegusana, tukasikiliza upepo. Kimbunga hakikutufikia, lakini umeme ulikatika, na picha ikaenda zake. Hatukununa. Nakumbuka alisema tu, "Angalau tumeziona za juu," nami nikamwambia za juu ndizo huliwa kwanza.

Mwaka uliofuata akasikia kwamba wapenzi wa kompyuta za zamani wanakutana Houston, kwenye ukumbi wa hoteli. Tukafungasha mashine kwenye blanketi, nikajaza kopo la kaimati za njiani, tukashika barabara ya kusini. Mule ukumbini meza zilijaa mashine za kila umbo, na watu wazima wanashangilia milio ya diski kama wanasikia sauti ya mama zao. Tukapewa meza. Waya wa kioo ukakataa kushika. Mimi nasema ni waya, yeye anasema ni kioo, tunabishana kwa Kiswahili chetu tukijua hakuna anayetusikia.

"Mama, usimugombeze bwana," ikasema sauti nyuma yetu. "Hiyo kable iko bien. Ni tundu ndiyo iko chafu."

Tukageuka kwa pamoja. Alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akasema yeye ni wa Lubumbashi, yuko Houston miaka mingi, kazi yake kutengeneza lifti. Akapuliza lile tundu, akalifuta kwa spiriti, na kioo kikawaka. Mume wangu alimshika mkono akasahau kuuachia.

Nikafungua kopo. Yule bwana akachungulia. "Ah! Mikate!"

"Mikate ni ile ya kupaka siagi," nikamwambia. "Hizi ni kaimati."

"Mama, kwetu hizi ndiyo mikate." Akala moja, akafumba macho, akala nyingine. "Ila yenu imeoga sukari."

Tulipomweleza picha yetu na ile mvua, alikwenda kwenye boksi lake akarudi na kadi ndogo yenye chipu ya hesabu. Mashine yetu, alisema, inagawanya namba kwa vidole. Hii inajua kugawanya. Ikabidi kwanza anawe mikono, maana shira ilikuwa imemfika viganjani. Akaipachika mle ndani taratibu, mume wangu amemshikia tochi. Alipoulizwa bei akaonyesha kopo.

Asubuhi ile ile tukaanzisha mlima wa kaimati. Mistari ikawa inashuka mbele ya macho. Watu wakaanza kusogea. Kufikia mchana kulikuwa na duara nyuma yetu, na mama mmoja Mmarekani akaniuliza kama zile ni sayari. Nikamwambia ni chakula, tena kipo hapa, nikampa. Jioni, wengine wanakunja meza, mstari wa mwisho ukafika chini.

Kila kaimati ilikuwa na nuru yake begani, na ndani ya kila moja uliwaona majirani zake, wadogo, wamepinda. Ila moja ilikuwa inaelea juu, peke yake, haijagusa kitu. Nilikuwa nimeita namba vibaya. Nikafunika mdomo.

"Nitairekebisha," nikasema.

"Usiiguse," mume wangu akasema. "Hiyo imeruka kutoka kwenye mafuta."

Ukumbi ukacheka alipowatafsiria, na wakapiga makofi. Mimi, ambaye hisabati shuleni ilikuwa inaniumiza tumbo, nilipigiwa makofi kwa ajili ya namba.

Siku ya Idd tulipeleka nakala ya picha kwa shoga zangu wa DeSoto. Mmoja, akidhani imepigwa kwa kamera, alinong'ona kwamba shira yangu imekuwa nyepesi siku hizi. Sikumwambia ni ya hesabu.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona yake. Mimi niliendelea na kliniki, nimefunika uso, na siku za mapumziko hatukuwa na pa kwenda. Yule bwana wa Lubumbashi akabuni mchezo. Anatupigia simu, anatusomea namba za picha bila kutuambia ni ya nini. Tunaziandika, tunawasha, tunakaa na chai tunaangalia mstari kwa mstari, tunakisia. Mara moja ilikuwa kishada cha zabibu. Sisi tukamtumia mchwa aliyeundwa kwa mipira, akadhani ni gari moshi.

Halafu siku moja picha ikaanza kushuka na sehemu ya juu ya mpira mkubwa, wa kahawia, unaong'aa kupita kiasi. Taa imetua katikati yake kama jua la saa sita.

"Nazi," mume wangu akasema.

"Nazi haing'ai."

Tukangoja. Chini yake zikatokea duara mbili za kioo, zimekaa sambamba kama miwani. Kisha mpira mdogo wa pua. Kisha, pale kidevuni, vimipira vyeupe vimesongamana.

Nilimtazama mume wangu, upara wake umeshika mwanga wa dirishani, nikashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikalowanisha kola kwa machozi. Yeye aliitazama picha kwa makini mno, kama anayekagua pasipoti yake, kisha akachukua simu.

"Ndugu yangu," akasema, "umesahau masikio."