Mashua ya Majivu Uwanjani

Nyie vijana, wa kwangu na wa wenzangu, mnaosoma haya mmelala chali na simu imewafunika uso, hebu inukeni mkae. Nataka kuwaeleza tulivyoamua nani akae wapi ndani ya mashua, na jambo hilo halisikilizwi kwa kulala.

Mashua yenyewe ni ndogo, ya tanga moja. Niliagiza iundwe kwa ajili ya mwani. Hapa Kigombe sisi wanawake tunalima mwani, na mashamba ya karibu yalikuwa yakiungua kwa joto la maji, tukahamia mbali, pasipofikika kwa miguu hata maji yakitoka. Lakini sitawaficha. Moyoni nilikuwa na mwani na nilikuwa na mtu. Mume wangu alikuwa nahodha tangu ujana wake, kisha kiharusi kikaulaza upande wake wa kushoto, mkono na mguu. Miaka miwili alikaa barazani, na kila upepo ulipogeuka, shingo yake iligeuka nao. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma.

Fundi alipokwisha kupigilia mbao za ubavuni akaja kuniuliza habari ya sitaha. Ni kijana, ameunda vyombo viwili vitatu vya hoteli kule Ushongo, na tangu hapo anajiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa useme."

"Mbele nitafunika, na nyuma nitafunika. Mwenye usukani atakaa juu ya sitaha ya nyuma. Babu nitamwekea kigodoro mbele, ajinyooshe, apunge upepo. Ushongo wageni wanapenda sana."

"Mume wangu ni mgeni wa hoteli?"

"Hapana, bibi, nilikuwa nasema tu..."

"Na mwani wangu mbichi utauweka wapi? Kichwani kwako?"

Binti yangu, ninayekaa naye, akadakia. "Mama, fundi kasema kweli. Baba akae mbele apumzike. Usukani utashikwa na mume wangu."

Baba mwenyewe alikuwa pale pale barazani, anasikia yote. Akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu vidole vya mkono wake uliolala, kimoja kimoja, kama si vyake.

Fundi akatoa karatasi yenye mistari. Karatasi hainiambii kitu mimi. Nikaingia jikoni nikatoka na debe la majivu, nikamwambia alete kamba yake ya vipimo. Tukaichora mashua uwanjani, ukubwa wake ule ule. Omo, mbele yake, ikatazama mlango wa jiko. Nyuma ikatazama baraza. Penye mlingoti nikasimamisha kinu. Penye usukani nikalaza mchi.

"Siku saba," nikawaambia wa nyumbani, "tutaishi humu. Kula humu, kufunga mwani humu, kuteta humu. Tutakapojikwaa ndipo tutakapojua."

Jirani akapita na ndoo yake. "Jamani, mnakwenda Pemba na sufuria?"

"Tukifika tutakusalimia," nikamjibu.

Ajabu ni jinsi tulivyozoea upesi. Mtu akitaka chumvi alinyanyua mguu kuuvuka ule mstari, kana kwamba kweli kuna ubao. Jua likipanda, vivuli vya minazi vilipita juu yetu polepole, na ukivitazama sana ulidhani ni sisi tunaokwenda. Wenzangu watatu walikuja na magunia yao, tukakaa katikati kufunga mwani, tukaona kwa magoti yetu kwamba sitaha ya nyuma ikiwepo hatuenei. Mbele, kipande kifupi kingetosha, cha kuficha maji ya kunywa na kamba. Katikati pawe wazi, na mbao za kukanyagia ziachiane nafasi, maji ya mwani yadondoke.

Mume wangu nikamkalisha nyuma, upande wa kulia, ili mkono wake mzima upate ukingo wa kushika. Nilijiona nina akili. Siku tatu alikula pale, nami nikadhani ameridhika.

Siku ya nne mvua ya alfajiri ikafuta majivu yote. Nilipotoka na birika la chai uwanja ulikuwa mtupu, umelowa, unang'aa. Binti yangu alikuwa akitoka bombani na maji kichwani. Akafika pale ilipokuwa omo, akazunguka. Hakukata katikati. Kuku peke yao ndio waliopita.

Na mume wangu alikuwa ndani. Ameshuka barazani mwenyewe, sijui vipi. Mguu wake ulikuwa umechora mfuo mmoja mrefu mchangani. Amekaa nyuma, lakini upande wa kushoto, na mkono wa kulia uko juu ya mchi. Macho ameyafumba. Akausukuma kidogo, akaurudisha kidogo. Nawaambia nilichokiona, nyie mkitaka chekeni: nyumba ilisogea. Mlango wa jiko ukateleza taratibu, minazi ikaanza kupita nyuma yake mmoja mmoja, na mimi nimesimama na birika, sijui niko nchi kavu au wapi.

"Umeniweka kama mzigo," akasema, macho bado yamefumbwa. Maneno yake siku hizi huja polepole. "Anayeshika ukingo ni abiria."

"Na ukianguka?"

"Nitalowa."

Siku ile ile nikampelekea fundi habari. Nyuma isifunikwe. Benchi la chini, upande wa kushoto, lenye egemeo, na ubao wa kukazia mguu mzima. Kwenye pembe, kigingi kinene cha kujivutia wakati wa kupanda.

"Bibi, sijawahi kuunda hivi."

"Basi sasa utakuwa umewahi."

Binti yangu alilia. Akaniambia nampeleka baba yake kufa. Nikamwuliza, barazani alikuwa akifanya nini? Nikampa kamba ya tanga aishike yeye, karibu na baba yake, waonane.

Siku ya kuishusha maji yalikuwa ya magoti, meupe, hayana hata mkunjo. Mume wangu akasogea ubavuni, akanyoosha mkono kukitafuta kigingi. Akakikosa. Mikono ikamwendea pande zote, ya binti, ya mkwe, ya fundi, mpaka simwoni yeye. Hapo nikapaza sauti.

"Rudisheni mikono! Ingieni, kila mtu akae pale pale alipokuwa uwanjani, na mtu asimguse mpaka nahodha amekaa."